Hazina Iliyozama: Maswali ya Watu wa Osiri Juu ya Mafuta na Gesi ya Chini ya Maji

Osiri ni nchi ya dhahabu. Watu wa Nyatike, katika kaunti ya Migori, wameijua kazi ya kushuka ardhini tangu zama za machimbo ya Macalder, na jirani zao wa Homa Bay wameijua kazi ya kuingia ziwani tangu hapo kale, hata ikawa ni watu wanaostahiki hasa kuuliza habari za hazina zilizo chini ya ardhi na chini ya maji kwa pamoja. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yao: ya wachimbaji, ya wavuvi, na ya akina mama wauzao omena sokoni. Majibu ni ya mwandishi huyu, ambaye kazi yake ni uhandisi wa petroli, na ambaye aghalabu huulizwa mambo haya kwa haraka ilhali yahitaji kujibiwa kwa utulivu.

Swali: Mhandisi, sisi hushuka mashimo marefu humu Osiri, tukapata mawe ya dhahabu na maji mengi ya kutusumbua, lakini hatujaona hata tone la mafuta. Je, hatujafika chini ya kutosha?

Jibu: Ndugu yangu, hata ungalishuka mara mia ya kina ulichofikia usingaliyaona, kwa sababu mwamba unaoupasua ni mkongwe mno na umepitia moto mwingi mno. Miamba ya Migori yenye dhahabu ilitokana na volkeno na tope la bahari za zama ambazo juu ya nchi kavu hapakuwa na mti wala jani, miaka zaidi ya bilioni 2 iliyopita. Tangu wakati huo imekunjwa, imebanwa na kupikwa, na katika nyufa zake yakapita maji ya moto yaliyobeba dhahabu na kuiacha pamoja na lile jiwe jeupe mnalolifuata. Katika mwamba uliopata joto la namna hiyo, mafuta hayawezi kukaa.

Mafuta yana asili nyingine. Vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi kwa mamilioni katika kila ndoo ya maji ya bahari au ya ziwa, hufa na kuzama katika tope la mahali pasipo hewa, hufunikwa na tope jingine juu ya tope, mpaka uzito wa mamilioni ya miaka unapovisukuma chini kiasi cha kilomita 2, 3 au 4, penye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi. Hapo hugeuka mafuta. Joto likizidi hugeuka gesi. Likizidi tena hakisalii kitu cha kumfaa mtu. Kisha mafuta hayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda polepole ndani ya vinyweleo vya miamba, nayo yangepotelea juu yote kama yasingekuta mwamba wenye nafasi za kuyapokea, na juu ya huo mwamba mwingine mzito usiopitisha kitu, nao umejikunja kwa umbo la kuba hata yakanaswa. Wengi hudhani kuwa chini kuna ziwa jeusi linalongojea ndoo. La, kuna jiwe lililolowa, kama mchanga wa ufuoni unavyolowa maji usiyoyaona mpaka uufukue.

Basi mtafutaji wa mafuta hutaka vitu vinne vikutane mahali pamoja na kwa mfuatano wa wakati ulio sawa: mwamba uzaao, mwamba upokeao, mwamba ufunikao, na mtego. Kikikosekana kimoja, vile vitatu vilivyosalia ni bure.

Swali: Na ziwa letu je? Tunasikia Waganda wamepata mafuta ziwani kwao, na Wanyarwanda wanatoa umeme katika maji ya Kivu.

Jibu: Mama, ziwa na ziwa hutofautiana kwa mengi zaidi ya ukubwa. Ziwa Albert si la kina kirefu. Maji yake hayafiki mita 60. Lakini limelala ndani ya Bonde la Ufa la magharibi, mahali ambapo ardhi imekuwa ikididimia na mito ikijaza tope kwa mamilioni ya miaka, hata unene wa tope lililogeuka mwamba chini yake ukawa kiasi cha kilomita 5. Huko ndiko mafuta yalikopikwa, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa yapo kwa kiasi cha kufaa biashara. Ziwa Victoria limekaa katika bakuli pana lililo baina ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, juu ya miamba mikongwe ya namna hii ya Osiri, na tope lake ni jembamba na changa. Ghuba ya Winam peke yake, iliyolala juu ya tawi la ufa liendalo mashariki na magharibi, ndiyo iliyowahi kuwavuta watafutaji, na vitalu vya utafutaji vikachorwa upande wa Kisumu. Mtu asiuze shamba lake kwa tumaini hilo.

Ama Kivu ni jambo mbali kabisa. Kina chake chafika mita 485, na maji yake yamegawanyika matabaka yasiyochanganyika, la juu jepesi na la chini zito lenye chumvi, na katika lile la chini imeyeyuka gesi ya methani pamoja na hewa ya kaboni kwa wingi wa kutisha. Katika mradi wa KivuWatt, karibu na Kibuye, chombo kinachoelea huvuta maji hayo kutoka kina cha mita 350 hivi, nayo yanapopanda na kupungukiwa na mgandamizo huachilia gesi, ikasafishwa na kupelekwa ufuoni kuendesha mitambo ya umeme wa megawati 26. Kazi hiyo inaleta umeme na kupunguza hatari kwa wakati mmoja, kwa kuwa hewa ya kaboni iliyofumka ghafula katika ziwa Nyos la Kameruni mwaka 1986 iliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Victoria, ambalo kina chake ni mita 80 hivi, hupigwa na upepo wa kipupwe na kupoa kila mwaka, maji ya juu yakashuka na ya chini yakapanda, kwa hiyo hapana tabaka lililotulia muda wa kutosha kukusanya gesi ya namna hiyo. Walale salama walio ufuoni.

Lakini namna Waganda wanavyoyafikia mafuta ya Albert yafaa kuangaliwa na kila nchi yenye ziwa. Eneo la Kingfisher, liendeshwalo na kampuni ya Kichina ya CNOOC, liko chini ya maji, ilhali mitambo ya kuchoronga haikuwekwa majini: imewekwa nchi kavu, katika uwanda wa Buhuka, na visima huanza wima, kisha huinamishwa kidogo kidogo mpaka vikaenda kwa mshazari chini ya sakafu ya ziwa. Kazi ya kuchoronga ilizinduliwa Januari 2023. Kisima cha mshazari ni kirefu na ghali, ila huondoa haja ya kujenga jukwaa katikati ya maji wanayoyategemea watu kwa kunywa na kwa kitoweo.

Swali: Huko baharini, ambako hata sakafu haionekani, hujuaje mahali pa kuchoronga?

Jibu: Kwa kusikiliza. Meli maalumu hukokota nyuma yake nyaya ndefu za kilomita kadhaa zilizojaa vifaa vya kusikia, na kila baada ya sekunde chache hufyatua hewa iliyobanwa ndani ya maji. Mlio huo hushuka, hupenya sakafu ya bahari, na kila unapokuta mwamba wa namna nyingine sehemu yake hurudi juu. Kwa kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, wataalamu huchora picha ya matabaka yaliyo kilomita nyingi chini. Picha hiyo huonyesha umbo la mtego, haionyeshi kwa yakini kilichomo ndani yake, kwa hiyo hapana budi kuchoronga, na kisima kimoja cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na pengine zaidi ya milioni mia moja.

Kenya imeionja bahati ya namna hii, tamu kidogo na chungu nyingi. Bonde la Lamu limetafutwa tangu zama za kabla ya Uhuru. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kikakuta gesi. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird kikakuta gesi na mafuta. Vyote viwili havikufikia kiasi cha kulipa gharama. Kisha, mwishoni mwa 2021, kampuni ya Eni ya Italia ikachoronga kisima cha Mlima, nacho hakikupata kitu cha biashara. Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa fedha hizo zilitupwa baharini. Kila kisima kikavu huleta vipande vya mwamba, vipimo vya joto na habari za umri wa matabaka, na habari hizo ni mali ya taifa ikiwa mkataba uliandikwa kwa akili na ikiwa serikali ina chumba cha kuzihifadhi na vijana waliosoma wa kuzitafsiri. Nchi isiyotunza habari za visima vyake itauziwa siku moja habari hizohizo na wageni.

Swali: Nimesoma kwamba Tanzania ilipata gesi tangu zamani sana. Ikishapatikana si kazi imekwisha? Kwa nini miaka hupita?

Jibu: Swali hili ndilo kiini cha yote, na jibu lake lina jina la kisiwa. Songo Songo, mkabala na Kilwa, ni kisiwa kidogo cha wavuvi, na hapo mwaka 1974 kampuni ya Agip ilichoronga ikakuta gesi. Ilitafuta mafuta, gesi haikuwa na soko karibu, ikaenda zake. Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania, yaani TPDC, ambalo lilikuwa changa, likaendelea kuchoronga visima vya kuthibitisha ukubwa wa hazina hiyo mpaka miaka ya 1980. Ukafanywa mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea huko Kilwa ili gesi ipate mnunuzi, mpango ukafa. Miaka ikapita, ukame ukakausha mabwawa ya umeme na miji ikakaa gizani, na bado gesi ilikuwa palepale chini ya mwamba wake. Ni mwaka 2004, miaka 30 baada ya ugunduzi, gesi ya Songo Songo ilipopita katika bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, na kilomita 207 juu ya nchi kavu hadi Ubungo, ikawasha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam na tanuri za saruji za Wazo Hill.

Ni nini kilichokuwa kikikosekana katika miaka hiyo 30? Gesi ilikuwapo, na elimu ya kuitoa ilikuwapo duniani. Kilichokosekana ni mnunuzi wa hakika, fedha ya kujengea bomba, na mkataba ambao kila upande ungeuamini kwa miaka 20 ijayo. Mafuta waweza kuyapakia melini ukayauza popote. Gesi haina subira hiyo, sharti ijengewe njia yake kabla ya kuuzwa, na mwenye kujenga njia hiyo hatatoa fedha mpaka amwone mnunuzi, na mnunuzi hatajifunga mpaka aione njia. Kufungua fundo hilo ni kazi ya wanasheria, wahasibu, wahandisi na viongozi wenye uaminifu wakae meza moja, na aghalabu ndiyo kazi ndefu kuliko zote.

Mambo hayo yamejirudia kwa ukubwa zaidi. Kuanzia 2010 gesi nyingi iligunduliwa katika bahari kuu ya kusini mwa Tanzania, na visima vikapewa majina ambayo kila mtu wa pwani huyatambua, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, na katika kitalu cha pili Zafarani na Tangawizi. Hazina yote ya gesi ya nchi ikakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa baharini. Likachaguliwa eneo la Likong'o, Lindi, kwa mtambo wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika, na Juni 2022 ukatiwa sahihi mkataba wa awali baina ya serikali na makampuni yakiongozwa na Equinor na Shell. Mazungumzo yakaendelea, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukazidi kusogezwa mbele. Hata Turkana, ambako hapana bahari, kisima cha Ngamia kilitangazwa Machi 2012, na shehena ya kwanza ya majaribio ikaondoka Mombasa Agosti 2019, lakini uzalishaji wa kudumu haukufuata upesi. Kwa hiyo mzazi wa Osiri anayesikia redioni kuwa mafuta yamegunduliwa mahali, na ajue kuwa mtoto aliyezaliwa siku ile huenda akawa mtu mzima kabla ya senti ya kwanza kufika hazina ya serikali. Na kiongozi anayekopa leo kwa dhamana ya gesi ambayo haijatoka, anakopa kwa jina la mtoto huyo.

Swali: Hebu tuseme fedha imepatikana na mkataba umetiwa sahihi. Kazi yenyewe ya baharini hufanywaje?

Jibu: Hutegemea kina. Mahali pa maji machache, kama Songo Songo, baadhi ya visima huchorongwa kisiwani penyewe na vingine majini, na gesi hupelekwa kwenye mtambo wa kuisafisha nchi kavu. Maji yakifika makumi au mamia machache ya mita, hujengwa majukwaa ya chuma yenye miguu iliyopigiliwa sakafuni, ambayo juu yake wanaishi watu na kufanya kazi mchana na usiku. Lakini Zafarani iko chini ya maji ya mita 2,500 hivi, kiasi cha kilomita 100 kutoka pwani, na hapana mguu wa chuma unaofika huko. Meli ya kuchoronga hujishikilia mahali pake kwa injini zinazoongozwa na setilaiti, bila nanga, nayo huteremsha mabomba mpaka chini. Kisima kikiisha, juu yake hufungwa kitasa kikubwa cha valvu kinachokaa gizani sakafuni miaka mingi, na kazi yote ya kukifungua na kukifunga huendeshwa kutoka mbali kwa nyaya, ikisaidiwa na vyombo vidogo visivyo na mtu.

Kisima chenyewe hujengwa kama hivi: hupasuliwa tundu pana, likavishwa bomba la chuma, na saruji ikamiminwa baina ya bomba na mwamba, kisha hupasuliwa tundu jembamba zaidi ndani ya lile, likavishwa na kutiwa saruji, na hivyo mpaka chini. Wakati wote huo tope zito lililochanganywa kwa vipimo huzungushwa ndani ya kisima, liondoe vipande vya mwamba na, zaidi ya yote, lielemee ile nguvu ya gesi inayotaka kupanda. Wachimbaji wa Osiri mnaotegemeza kuta za mashimo kwa magogo mtaelewa upesi: kisima hulindwa na kuta zake na uzito ulio ndani yake.

Tena kuna jambo ambalo watu wa nchi za joto hulistaajabia. Chini kule maji ni baridi, nyuzi 4 hivi, na mgandamizo ni mkubwa mno, na gesi ikikutana na maji katika hali hiyo huganda pamoja nayo kuwa kitu kama barafu, kikaziba bomba. Kwa hiyo sharti dawa ya kuzuia kuganda ipelekwe chini kwa bomba lake la pekee, siku zote, kwa muda wote wa uhai wa kisima. Gesi ikifika juu, ikiwa ya kusafirishwa mbali, hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na ujazo wake ukapungua mara 600. Jirani zetu wa Msumbiji walichagua kufanya hayo juu ya maji: chombo cha Coral Sul, chenye urefu wa mita 432, kimefungwa juu ya bahari ya kina cha mita 2,000, na Novemba 2022 kikatoa shehena yake ya kwanza. Mradi mkubwa wa nchi kavu huko Cabo Delgado, karibu na Palma, ulisimamishwa mwaka 2021 baada ya mashambulizi yaliyoua watu na kuwafukuza wengine makwao. Amani, basi, ni sehemu ya uhandisi.

Swali: Huku kwetu mashimo huporomoka na watu hufa. Huko baharini, penye vyombo vya thamani hiyo, watu hufa pia?

Jibu: Hufa, ndugu zangu, na vifo hivyo vina mafundisho ambayo yangefaa yasomwe hata kwenye mdomo wa shimo la dhahabu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Piper Alpha lililipuka na kuungua, wakafa watu 167. Chanzo kilikuwa karatasi. Mchana ule pampu moja ilikuwa imesimamishwa, na valvu yake ya usalama imeondolewa kwa matengenezo. Mahali pake pakazibwa kwa kifuniko cha muda tu. Hati iliyosema kuwa valvu haipo ilikuwa mbali na hati ya matengenezo ya pampu, na waliopokea zamu ya usiku hawakuiona. Pampu ya pili ilipozima, wakawasha ya kwanza, wakiamini ni salama. Gesi ikavuja na ikashika moto. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono, ili kuwalinda wapiga mbizi, na moto ukamzuia mtu kuzifikia. Na majukwaa jirani yakaendelea kusukuma mafuta na gesi katika mabomba yaliyokuwa yakilisha moto ule, kwa sababu hakuna aliyejiona ana idhini ya kusimamisha.

Uchunguzi wa Lord Cullen uliotolewa mwaka 1990 ulipendekeza mambo 106, na lililo kubwa ni kwamba kampuni yenyewe sharti itoe ithibati kwa serikali, kwa maandishi, kuwa imezifikiria hatari zake na kuzidhibiti. Kabla ya hapo ilitosha kufuata orodha ya kanuni.

Miaka 22 baada ya Piper Alpha, tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, kisima cha Macondo kilifumka chini ya jukwaa linaloelea la Deepwater Horizon. Walikufa watu 11, na mafuta yakamwagika baharini siku 87. Saruji ya chini haikushika. Kipimo cha kuhakikisha usalama wa kisima kilionyesha dalili mbaya, nacho kikafasiriwa kuwa ni chema na watu waliotaka kumaliza kazi iliyokuwa imechelewa. Na kitasa cha dharura, kilichowekwa mdomoni mwa kisima ili kukikata na kukifunga, hakikufunga. Yote mawili, Piper Alpha na Macondo, yalitokea katika nchi tajiri zenye wataalamu tele. Nikisikia mtu akisema kuwa ukaguzi wa serikali unachelewesha maendeleo, huwakumbuka hao 178.

Swali: Na mvuvi je? Akifukuzwa majini, mbuta na ngege atawapata wapi?

Jibu: Mzee wangu, kuzunguka kila chombo cha mafuta huwekwa mpaka wa usalama, kwa desturi mita 500, ambao chombo kingine hakiruhusiwi kuuvuka. Baharini eneo hilo ni dogo. Katika ziwa jembamba, au mbele ya ufuo wa kijiji kimoja, laweza kuwa ndilo eneo lote la riziki. Kwenye fuo za Albert wavuvi wamelalamikia ulinzi mkali wa wanajeshi na vyombo vyao kuchomwa moto, na malalamiko hayo hayawezi kujibiwa kwa kutaja mapipa yatakayotoka. Fidia sharti ikadiriwe kabla mtambo haujafika, kwa mavuno ya miaka iliyopita yaliyoandikwa. Na mvuvi asiye na daftari la mavuno hukadiriwa na asiyemjua. Andikeni, hata sasa, hata kama hapana mafuta.

Swali: Tunaambiwa sheria inawapa watu wa mahali fungu lao. Ni kiasi gani?

Jibu: Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 imeipa serikali ya kaunti fungu la asilimia 20 na jamii ya mahali la asilimia 5, na asilimia 75 zikabaki kwa serikali kuu. Maneno hayo yasomwe kwa uangalifu, kwa maana asilimia hizo ni za fungu la serikali, wala si za mafuta yote. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mapipa 100 yametoka. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji, kampuni hujirudishia kwanza gharama zake. Tuseme zimekula mapipa 60. Yanabaki 40 ya faida, tuseme serikali ina nusu, yaani 20. Kaunti itapata 4, na jamii ya mahali pipa 1. Sasa tazama ni wapi penye siri: gharama zikitangazwa kuwa 70 badala ya 60, faida huwa 30, fungu la serikali 15, na la jamii robo tatu ya pipa, bila sheria kubadilika hata herufi. Kwa hiyo mkaguzi wa hesabu za gharama ana thamani kwa mwanakijiji kuliko mbunge anayepigania asilimia 5 ziwe 10.

Ama kwa kisima kilicho kilomita 100 baharini, ni nani jamii ya mahali? Ni mvuvi wa Lamu, au wa Kilifi, au pwani nzima? Swali hilo litatuliwe wakati hapana fedha mezani, kwa kuwa fedha ikishawekwa hakuna atakayesikiliza kwa insafu.

Swali: Macalder walipoondoka walituachia mashimo na vilima vya mchanga wa machimbo. Mafuta yakiisha baharini, nani huondoa vile vyuma?

Jibu: Mmeuliza jambo ambalo hata Ulaya ilijifunza kwa fedheha. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kulizamisha katika Atlantiki ghala kuu la mafuta lililokuwa likielea, liitwalo Brent Spar, na serikali ya Uingereza ilikuwa imekubali. Watu wakasusia vituo vya mafuta vya kampuni hiyo, hasa Ujerumani, mpaka ikaacha, na vipande vya chombo kile vikatumika kujengea gati huko Norway. Mwaka 1998 nchi za kaskazini-mashariki mwa Atlantiki zikakubaliana kuwa mitambo iliyokwisha kazi, kwa kawaida, isitupwe baharini.

Kisima kinachofungwa vizuri huzibwa kwa saruji mahali kadhaa ndani yake, kila kizibo kikapimwa, bomba likakatwa chini ya sakafu ya bahari, na kitasa cha juu kikaondolewa. Kwa eneo kubwa kazi hiyo huchukua miaka na hula mamilioni mengi ya dola. Machimbo ya Macalder yalifungwa katika miaka ya 1960, wakati hapakuwa na desturi ya kumdai mwondokaji chochote. Mkataba wa leo hauna udhuru huo. Sharti utaje mfuko wa kufungia visima, kiasi kitakachowekwa kila mwaka, na benki itakayokitunza, na fedha iingie humo wakati kisima kingali kinatoa, kwa kuwa kampuni ambayo kisima chake kimekauka haina tena pato la kununulia saruji.